Maswali ya wasomaji: Marundo 32, lakini joto lilipangwa mara nane tu

SWALI: Wataalamu, salaam. Hapa Mafinga tunakausha mbao za paini, na ncha zinapasuka. Tulijaribu joto la tanuri (nyuzi 60 na 75), unene wa fito za kutenganishia mbao (milimita 20 na 25), na kupaka ncha rangi ya mafuta au kutopaka. Tulikausha mizigo minane, minne kwa kila joto, kwa mpangilio wa kura. Kila mzigo ulikuwa na marundo manne, yaani michanganyiko yote ya fito na rangi. Kompyuta imetoa wastani wa miraba (kipimo cha ukubwa wa tofauti): joto 54, rangi 27, kosa, yaani tofauti za bahati tu, 6.75 kwa digrii 24 za uhuru (idadi ya taarifa huru zilizolipima). Inasema joto ndilo linalopasua ncha na rangi haisaidii. Mafundi wanakataa katakata. Tumwamini nani?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Safari hii waaminini mafundi. Kompyuta haikukosea hesabu. Haikuambiwa tu kwamba marundo manne yalikuwa ndani ya tanuri moja kwa wakati mmoja.

Mlichofanya ni jaribio la ploti zilizogawanywa. Asili yake ni shambani: R. A. Fisher na wenzake walilikuza pale Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza, katika miaka ya 1920, na watafiti wa kilimo wa Uyole, Mbeya, wanalifahamu vizuri. Huwezi kulima nusu mita kwa trekta na nusu mita kwa jembe, kwa hiyo namna ya kulima hupewa ploti kubwa, na aina za mbegu hupangwa katika ploti ndogo ndani yake. Kwenu ploti kubwa ni mzigo mmoja wa tanuri, na ploti ndogo ni rundo.

Kwa sababu hiyo kuna makosa mawili. Mizigo hutofautiana yenyewe kwa yenyewe: magogo ya siku ile yalikuwa mabichi kiasi gani, feni ilivumaje, moto ulichochewa vipi. Marundo ya mzigo mmoja hushiriki hayo yote, ndiyo maana tofauti kati yao ni ndogo. Tumelipasua kosa lenu la 6.75 kutokana na data mliyotuma: kati ya mizigo ni 15, kwa digrii 6, ndani ya mzigo ni 4, kwa digrii 18.

Sasa pimeni upya. Joto: 54 ukigawa kwa 15 ni 3.6, na kizingiti cha asilimia 5 (ambacho bahati tupu hukivuka mara 5 tu kwa 100) kwa digrii 1 ya joto na 6 za kosa ni 5.99. Halikufika. Rangi: 27 ukigawa kwa 4 ni 6.75, na kizingiti kwa digrii 1 na 18 ni 4.41. Imevuka. Mlipochanganya makosa, joto lilipata 8.0 na rangi 4.0 dhidi ya kizingiti cha 4.26, na hukumu zote mbili zikageuka. Fito pimeni kwa kosa la ndani, na vilevile ushirikiano wa joto na rangi au fito, yaani kama athari ya rangi au fito hubadilika joto likibadilika. Hapo ndipo muundo huu unapolipa.

Msiseme joto halina neno. Mizigo minane haikutosha kulitia hatiani. Kuongeza marundo ndani ya tanuri hakutasaidia sana, ongezeni mizigo. Mkiogopa tofauti za masika na kiangazi, kausheni mizigo miwili kila wiki, mmoja kwa kila joto, kura iamue upi utangulie. Lakini kwa jozi nne tu, kosa la joto hubaki na digrii 3 na kizingiti hupanda hadi 10.13, kwa hiyo fanyeni jozi sita au zaidi.

Kura ikitoa nyuzi 75 mara mbili mfululizo, zimeni tanuri, lipoe, kisha mpange joto upya. Mkiliacha likiendelea, mnakaribia kuhesabu mpangilio mmoja kama miwili. Marundo nayo yapigiwe kura ya nafasi, la sivyo rundo la karibu na feni litawapotosha. Na kama mlipima mbao 20 kwa kila rundo, chukueni wastani wake: hizo si marudio 20.

Kwenye R, programu ya takwimu, wekeni mzigo ndani ya sehemu ya Error ya fomula, mtapata majedwali mawili, moja kwa kila kosa. Ipeni mizigo namba 1 hadi 8, si 1 hadi 4 kwa kila joto, maana mzigo wa kwanza wa nyuzi 60 utaunganishwa na wa kwanza wa 75. Tena iambieni programu kwamba namba hizo ni majina ya makundi, si tarakimu za kuhesabia.

SWALI: Kiwanda chetu cha chai Tukuyu kina muda wa kuendesha kikaushio mara mbili tu, joto la chini mara moja na la juu mara moja, ila tutachukua sampuli 30 kila mara. Zitatosha?
Msomaji, Rungwe

JIBU: Kwa joto, hapana, hata zikiwa 300. Mkiona tofauti, hamtajua ni ya joto au ya majani ya siku ile, kwa sababu kosa la kati ya siku halina digrii hata moja. Kwa mambo mnayobadilisha ndani ya kila mwendo, kama unene wa tabaka la majani, zinaweza kutosha, mradi kila kiwango kimerudiwa ndani ya mwendo huo. Joto lisubiri mpate angalau miendo mitatu kwa kila kiwango.