Maswali yenu: Kiota cha kasa, kihamishwe au kiachwe?

Swali: Nasimamia klabu ya mazingira shuleni, kisiwani Mafia. Wanafunzi wameona kasa ametaga karibu sana na maji. Tukihamishe vipi kiota, na tuna muda gani? – Mwalimu, Juani

Jibu: Mwalimu, kwanza kibali. Juani imo ndani ya hifadhi ya bahari, na mayai ya kasa hayaguswi bila ruhusa. Waiteni watu wa hifadhi, nyinyi muwe wasaidizi.

Pili, tazameni mstari wa mwani na takataka ulioachwa na bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida. Kiota kikiwa juu ya mstari huo, kiacheni. Kuloana mara mojamoja si tatizo kubwa. Tatizo ni maji kutuama shimoni, kwa kuwa yai hupumua kupitia ganda lake na mchanga uliojaa maji hauna hewa.

Ikibidi kuhamisha, fanyeni ndani ya saa mbili tatu tangu kutagwa, na zisipite 6. Baadaye kiinitete (kifaranga kinachoanza kuumbika) hujishikiza kwenye utando wa juu ndani ya ganda. Yai likigeuzwa, utando huchanika na kiinitete hufa, huku kwa nje yai likionekana zima. Kosa hilo mtaligundua baada ya miezi miwili hivi, vifaranga wasipotoka.

Fukueni kwa mikono, si kwa jembe. Pimeni kina hadi yai la juu, na mayai yakiisha pimeni hadi chini kabisa. Kwa kasa wa kawaida (kasa wa kijani) mara nyingi ni sentimita 60 hadi 80, kwa aina iitwayo ng'amba ni pungufu. Kila yai liinuliwe lilivyolala na kuwekwa kwenye ndoo yenye mchanga mbichi wa kiota hichohicho, upande wa juu ukibaki juu. Alama ndogo ya penseli laini husaidia. Ndoo ibebwe kwa mkono, tena polepole. Bodaboda hapana.

Shimo jipya liwe na kina kilekile na umbo la mtungi, shingo nyembamba, tumbo pana. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mchanga mkavu unaporomoka, wanachoka, wanaishia njiani. Kiota kifupi hupata joto zaidi, na joto ndilo linaloamua jinsia. Likipita takriban nyuzi 29 wengi huwa majike, likizidi sana mayai hufa. Komba kwanza mchanga mkavu hadi ufikie mbichi, ndipo uanze kuchimba.

Swali: Wanafunzi wawili wamehesabu maganda ya kiota kimoja. Mmoja kapata 98, mwingine 131. Nani yuko sahihi?

Jibu: Yaelekea wa 98. Wa pili huenda kahesabu vipande. Ganda huhesabiwa moja likiwa limebaki zaidi ya nusu. Vipande vidogo viwekwe kando. Subirini siku mbili tatu baada ya kundi kubwa la vifaranga kutoka, vaeni glovu, kisha tengeni mafungu: maganda matupu, mayai yasiyoanguliwa, vifaranga waliokufa ndani ya kiota na walio hai. Tuseme mna maganda 98 na mayai 12 yasiyoanguliwa: yaliyoanguliwa ni 98 kugawa kwa 110, yaani asilimia 89. Mayai 12 hayo yapasueni kwa uangalifu (harufu yake ni kali, simameni upande upepo unakotoka) muone kama kiinitete kilianza kukua. Somo lenyewe limo humo kuliko kwenye asilimia.

Swali: Tunaweza kumulika kwa tochi ya simu tukimpima kasa?

Jibu: Hapana, mwanga mweupe humfanya arudi baharini bila kutaga. Tumieni taa nyekundu hafifu, mkae nyuma yake, na msimguse mpaka aanze kufukia mayai. Futi laini ya fundi cherehani inatosha: anzieni kwenye ukingo wa gamba nyuma ya shingo, katikati, hadi ncha ya nyuma, mkipisha viumbe waliojishikiza juu yake. Pimeni mara mbili. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 1, rudieni.