Nimekariri maneno karibu elfu mbili, mbona alama za SAT hazipandi?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Naishi Njoro, Nakuru. Nilimaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka jana na sasa najiandaa kwa SAT ili niombe nafasi katika vyuo vya Marekani. Kwa wiki saba nimekariri maneno 40 ya Kiingereza kila siku kutoka kwenye orodha niliyonunua. Jaribio la kwanza la Kusoma na Kuandika nilipata 540. Juzi nimepata 550. Kwenye ufahamu nabaki na majibu mawili, na kila mara nachagua lile lisilo sahihi. Niongeze maneno, au nifanye majaribio mengi zaidi?

JIBU: Sijambo, binti yangu. Usiongeze maneno, na majaribio yapumzishe kwanza. Inaniuma kukuambia hivyo, maana wiki saba si mchezo, lakini orodha za namna hiyo nyingi ni za SAT ya zamani. Maswali ya kulinganisha jozi za maneno yaliondolewa mwaka 2005, na yale ya sentensi fupi zenye mapengo yakafuata mwaka 2016. Mtihani wa sasa wa kompyuta, ulioanza kwetu sisi tulio nje ya Marekani mwaka 2023, umerudisha mapengo, ila kila pengo limo ndani ya kifungu, na kifungu hicho chenyewe ndicho kinachokuonyesha neno linalotakiwa.

Fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili. Amekariri kwamba kukata ni kutenganisha kitu kwa kisu. Atasema nini akisikia abiria amekata tikiti, dereva amekata kona, wakili amekata rufaa na mwenye kiu ameikata kwa maji? Ndivyo SAT inavyokutega. Wengi wetu tunajua 'qualify' ni kufuzu, lakini mwandishi akisema ana-'qualify' dai lake, analipunguza ukali kwa kuliwekea masharti. 'Novel' si riwaya tu, ni kitu kipya kisichowahi kuonekana. 'Check' huweza kuwa kuzuia. Hayo ni maneno unayodhani umeshayamaliza, na ndiyo yanayokula alama zako.

Sasa fanya hivi. Tuseme kifungu kinahusu gugumaji la Ziwa Victoria: wavuvi waliliona kuwa adui mtupu, lakini uchunguzi wa mtaalamu mmoja uli-'temper' maoni hayo kwa kuonyesha kwamba samaki wachanga hujificha kwenye mizizi yake. Swali linauliza 'temper' hapa ina maana gani. Ziba majibu manne kwa mkono. Tafuta kwanza neno la kugeuza mkondo, hapa ni "lakini". Jiulize: maoni ya wavuvi yalifanywa nini? Yalilegezwa. Andika "yalilegezwa", hata kwa Kiswahili, hakuna atakayekuuliza. Ndipo ufungue majibu: 'angered', 'hardened', 'moderated', 'confirmed'. Aliyekariri kwamba 'temper' ni hasira anakimbilia la kwanza. Anayejua kwamba chuma huwa 'tempered' ili kiwe imara anavutwa na la pili. Wewe unatafuta "yalilegezwa", unachukua 'moderated', unasonga mbele. Nimewafundisha vijana wengi hapa Kisumu njia hii, na hatua wanayoiruka kila mara ni ile ya kuandika neno lao wenyewe kabla ya kuangalia majibu. Usiiruke.

Tuje kwenye majibu mawili yanayobaki, kwa sababu naona hapo ndipo tatizo lako hasa lilipo. Ufahamu wa KCSE ulikupa kifungu kirefu, maswali mengi, na nafasi ya kujieleza. Huku kifungu kina maneno 25 hadi 150, swali ni moja, na majibu yasiyo sahihi yametungwa yafanane na ukweli. Chukua kilimo cha kusukuma na kuvuta, kilichokuzwa na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita. Mimea ya desmodiamu iliyopandwa katikati ya mahindi huwafukuza nondo wanaoshambulia mahindi, na nyasi za pembeni ya shamba huwavuta. Kifungu kikieleza hayo tu, kisha jibu mojawapo likasema desmodiamu hupunguza striga, gugu ambalo huku Nyanza tunaliita kayongo, utalipenda sana. Ni kweli kabisa, na huenda umeliona shambani kwa nyanya yako. Lakini kifungu hakikusema, kwa hiyo si jibu. Jibu jingine litasema mbinu hiyo huwamaliza wadudu wote. Hilo limekwenda mbali kuliko mwandishi. Kwa hiyo ukibaki na mawili, acha kuuliza lipi ni zuri zaidi. Weka kidole kwenye maneno ya kifungu yanayobeba kila sehemu ya jibu. Sehemu moja ikikosa pa kushika, jibu lote linaanguka.

Una silaha moja ambayo wenzako wa Marekani hawakufundishwa hivyo: ufupisho wa Kiswahili. Kila siku soma makala moja ya maoni gazetini na moja ya sayansi, zote za Kiingereza. Tovuti ya The Conversation Africa ni bure na huandikwa na wasomi. Baada ya kila aya, funika, andika sentensi moja inayosema mwandishi anadai nini. Neno jipya liandike pamoja na sentensi nzima ulimolikuta. Manane kwa siku yanatosha, mradi uyarudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki.

Kuhusu muda: maswali ni 54 kwa dakika 64, katika moduli, yaani sehemu, mbili za maswali 27 kila moja, yaani sekunde 71 hivi kwa swali. Ya msamiati hutangulia. Yasikumeze dakika tatu tatu, maana ugumu wa moduli ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza. Lililokushinda liwekee alama, chagua kitu, rudi baadaye. Kukosea hakupunguzi alama.

Majaribio kamili ya Bluebook, programu rasmi ya SAT, ni machache, usiyamalize kama njugu. Fanya lijalo baada ya wiki tatu, kwenye kompyuta, kwa sababu Bluebook haifanyi kazi kwenye simu. Kwa sasa tumia benki ya maswali ya College Board, wenye mtihani wenyewe, na mazoezi ya tovuti ya Khan Academy, yote bure. Kila ulilokosa, andika ni neno gani la kifungu ulilipita bila kuliona. Ukifika maswali 60 yaliyokosewa, nitumie daftari hilo, tutazame pamoja unateleza wapi.