Maswali ya Fizikia: Pampu, Pasi, Breki na Jiwe

Pampu ya wati 750 imepandisha lita 1,000 za maji hadi kwenye tenki lililo mita 10 juu, kwa dakika 5. Nimepata ufanisi wa asilimia 230, mwalimu kaweka mkasi. Nimekosea wapi? (Kidato cha tatu, Morogoro)

Asilimia 230 ingekuwa habari njema kwa dunia nzima: pampu inayotoa nishati zaidi ya mara mbili ya ile inayokula! Umegawanya kichwa chini miguu juu. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, na kuzipandisha mita 10 ni 1,000 × 9.8 × 10 (hiyo 9.8 ni ya mvutano wa dunia), yaani jouli 98,000. Hiyo ndiyo kazi uliyoitaka. Pampu nayo imekula wati 750 kwa sekunde 300, sawa na jouli 225,000. Kilichotoka ndicho kinachogawanywa kwa kilichoingia: 98,000 ÷ 225,000, ufanisi wa asilimia 44 hivi.

Mitihani mingi huishia hapo, na mimi naona ndipo utamu unapoanzia. Jouli 127,000 zilizobaki zimekwenda wapi? Gusa gamba la mota baada ya dakika hizo tano: lina joto. Sehemu nyingine imeliwa na msuguano wa maji ndani ya bomba, hasa kwenye kona. Bomba likiwa jembamba, maji yaleyale hulazimika kwenda kasi zaidi ili yapite kwa muda uleule, na msuguano unapanda. Kwa hiyo kabla hujailaumu pampu, tazama bomba ulilouziwa.

Tumefundishwa hakuna kifaa chenye ufanisi wa asilimia 100. Na pasi ya umeme je?

Karibu umeme wote unaoingia kwenye pasi hugeuka joto, na joto ndilo unalolitaka. Ukihesabu hivyo, imefika. Ukihesabu joto linaloingia kwenye shati tu, haijafika, kwa sababu jingine linapotelea hewani. Kwanza amua unachokiita faida, ndipo ushike kalamu.

Mimi ni dereva. Nikienda kilomita 100 kwa saa badala ya 50, si nahitaji nafasi mara mbili ya kusimama?

Ingekuwa hivyo, ajali zingepungua. Nishati ya mwendo hufuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo kasi mara mbili ni nishati mara nne, na breki zinapaswa kuimaliza yote. Tuseme breki zako zinapunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde, kila sekunde, jambo linalowezekana kwenye lami kavu. Kutoka 50 gari litasimama baada ya mita 16. Kutoka 100 litahitaji mita 64. Halafu kuna ile sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki: kwa 50 gari limeshakula mita 14, kwa 100 limekula 28. Jumla ni mita 30 dhidi ya 92. Mtoto aliyekatiza barabara mita 40 mbele yako atapona katika hesabu ya kwanza tu.

Tena nishati hiyo haipotei, inakuwa joto kwenye breki. Wanaoteremsha malori kwenye mteremko mkali wa Kitonga wanalijua hili kuliko sisi wa ubaoni. Lori la tani 30 likishuka kimo cha mita 300 huachia jouli milioni 88, karibu uniti 24 na nusu za umeme, ambazo zingechemsha birika la wati 2,000 kwa saa 12 mfululizo. Ukiutupia mzigo huo wote kwenye breki, zitapata moto hadi zishindwe kushika. Ndiyo maana dereva mzoefu huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili injini nayo ibebe sehemu ya kazi.

Daladala ikifunga breki ghafla, nini kinanisukuma mbele?

Hakuna. Gari limepunguza mwendo, wewe unaendelea na ule uliokuwa nao. Ukishika bomba, mkono wako ndio unaokupunguza. Newton aliliandika hili mwaka 1687.

Jiwe lililorushwa wima husimama kidogo likifika kileleni. Hapo mchapuko wake si sifuri? (Kidato cha pili, Tanga)

Kasi ni sifuri, mchapuko siyo: mchapuko ni kiasi ambacho mwendo hubadilika kila sekunde. Sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla ya kilele, jiwe linapanda kwa mita 0.98 kwa sekunde. Muda kama huo baada ya kilele, linashuka kwa mita 0.98 kwa sekunde. Mwendo umebadilika kwa 1.96 ndani ya sekunde 0.2, gawanya, utapata 9.8 ileile. Mchapuko ungekuwa sifuri, jiwe lingebaki hukohuko juu. Na mtahini akikuuliza upinzani wa hewa pale kileleni, mjibu kuwa huo ndio sifuri, maana jiwe lisilo na mwendo halikati hewa.