Kwa Nini Damu ya Baba Ipimwe Tena Kabla ya Upasuaji wa Kichwa?

SWALI: Kwako Daktari. Baba yetu, mwenye umri wa miaka 72, alianguka bafuni majuma kadhaa yaliyopita, kisha akaanza kuumwa na kichwa na kuburuta mguu wa kushoto. Picha ilionyesha damu iliyokusanyika kati ya fuvu na ubongo. Tuliambiwa fuvu litatobolewa ili damu hiyo itolewe, lakini upasuaji umeahirishwa kwa sababu kipimo cha INR kilikuwa 2.8. Baba hutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya damu iliyowahi kumganda mguuni, na magoti yakimsumbua hununua aspirini dukani. Leo damu ilichukuliwa, tukaambiwa chupa haikujaa, ikachukuliwa tena, na kesho itapimwa mara nyingine. Ndugu yangu anasema hii ni njia ya kuongeza bili. Je, ni kweli?
Msomaji, Njoro, Nakuru

JIBU: Dada, poleni kwa kuuguza. Uchungu wa bili naufahamu, lakini kwa haya uliyoyaeleza sioni ujanja wowote.

INR hupima muda ambao damu huchukua kuganda ikilinganishwa na kiwango cha kawaida, na kwa mtu asiyetumia dawa hukaribia 1. Mgonjwa wa warfarini aliyewahi kupata damu iliyoganda mguuni hutakiwa awe kati ya 2 na 3, kwa hivyo 2.8 ya baba inaonyesha kwamba dawa imekuwa ikifanya kazi yake barabara. Tatizo ni kwamba wapasuaji wengi wa ubongo hawataki kugusa fuvu kabla INR haijashuka hadi 1.4 au chini yake. Tumboni, daktari anaweza kukandamiza mahali panapovuja au kupajaza vitambaa akangoja. Ndani ya fuvu hakuna nafasi, mfupa hautanuki, na damu kidogo inayoendelea kuvuja baada ya ngozi kushonwa inaweza kuubana ubongo upya.

Ili kuishusha INR, mgonjwa husimamishiwa warfarini na kupewa vitamini K kwa mshipa, ambayo huhitaji saa kadhaa kufanya kazi kwa sababu ini hutengeneza upya protini za kugandisha damu. Hali ikiwa ya dharura huongezewa plazima, yaani majimaji ya damu yenye protini hizo, au mkusanyiko wa protini hizo mahali unapopatikana. Nguvu ya plazima haidumu sana, na ndiyo maana kipimo cha jana hakiwezi kutumiwa kuamua upasuaji wa kesho.

Kuhusu chupa, mtaalamu wa maabara alitenda ipasavyo. Ile chupa ndogo yenye kizibo cha buluu huwa na kimiminika cha sitrati kinachozuia damu kuganda njiani, nacho kimepimwa kwa sehemu moja kwa sehemu tisa za damu. Damu isipofika kwenye alama, sitrati huzidi, na majibu huonyesha kwamba damu inachelewa kuganda kuliko ilivyo kweli. Ningemlaumu kama angeipokea, kwa kuwa baba angeahirishiwa upasuaji kwa namba ya uongo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni aspirini. INR haiioni. Hata hesabu ya chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, ambayo kwa upasuaji wa ubongo kwa kawaida hutakiwa isipungue 100,000 kwa kila mikrolita, inaweza kutoka nzuri kabisa, ilhali chembe zenyewe zimelemazwa. Aspirini huilemaza chembe sahani kwa maisha yake yote, yaani siku 7 hadi 10, na mwili hauna budi kutengeneza nyingine. Je, mmemwambia daktari? Wazee wengi hawahesabu tembe za dukani kuwa dawa, na wakiulizwa hujibu kwamba wanatumia ile ya kliniki tu. Kusanyeni karatasi zote za tembe zilizo nyumbani, pamoja na dawa za mitishamba kama zipo, mzipeleke wodini leo, na mtaje siku aliyomeza aspirini mara ya mwisho. Mwelezeni pia iwapo amewahi kuvuja damu kupita kiasi aking'olewa jino au akitahiriwa, kwa sababu yapo magonjwa ya kurithi ambayo vipimo vya kawaida huyapita bila kuyagundua.

Baada ya upasuaji, warfarini isirudishwe kwa uamuzi wa nyumbani, wala isiachwe moja kwa moja kwa hofu, kwani damu inaweza kuganda tena katika mguu ule. Kabla hamjaruhusiwa kwenda nyumbani, ombeni mwandikiwe tarehe ya kuianza, kama itaanzwa, na tarehe ya kupima INR. Aspirini na warfarini kwa pamoja huongeza hatari ya kuvuja damu, kwa hivyo mwombeni daktari dawa nyingine ya magoti. Sukuma wiki na managu asikatazwe, bali ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, kwa kuwa vitamini K iliyomo huishusha INR anapozidisha ghafla.