Banie mabango, si katuni zako

Mkuu, umeuliza utamalizaje kitabu chako cha katuni huku kikundi cha vijana mtaani kikikuletea mabango ya bure kila wiki. Kinachokula muda si kuchora bango, ni marekebisho. Usifungue hata kompyuta mpaka maandishi yote yaje kwa mkupuo, yakiwa yamepitiwa na mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho (viongozi watatu, maoni manne). Marekebisho mara mbili, basi. Nembo waitume WhatsApp kama dokumenti. Ikija kama picha inabanwa, na kwenye bango la A3 (karatasi mbili za A4 zikiwekwa pamoja) inatoka na ukungu.

Tengeneza kiolezo kimoja cha A3: milimita 297 kwa 420, ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, rangi za CMYK (za wino wa kuchapa), picha dpi 300 (nukta 300 kwa inchi). Ukiacha RGB (rangi za skrini), ile bluu kali ya kwenye skrini hufifia ikichapwa, na lawama zinakuja kwako. Bango linalofuata unabadili maneno na picha tu.

Katuni zipe alfajiri, kabla simu hazijaanza. Ukiinuka mezani, acha fremu moja imepakwa wino nusu. Kesho utajua pa kuanzia.