Maswali yenu: miksa, taa nyekundu na masikio

Wimbo mmoja unanguruma, unaofuata unafifia. Nakosea wapi?

Kwenye geini, yaani kitufe cha miksa (mashine ya DJ ya kuchanganya nyimbo) kinachopanga nguvu ya sauti inayoingia. Nyimbo hazikurekodiwa kwa ukubwa mmoja wa sauti. Nyingi za miaka ya 1970 ziko chini ukizilinganisha na za sasa, ambazo hubanwa sana studio ili zitoke na kishindo. Ndiyo maana geini huipangi mwanzo wa shoo ukaiacha. Kila wimbo una yake. Feda, kile kitelezi cha sauti cha chaneli, ikiwa bado chini, usikilize kwenye hedifoni na uupeleke hadi pale ngoma na besi zimeingia zote, maana utangulizi wa kinanda utakudanganya. Hapo pandisha geini huku ukitazama taa za chaneli. Vishindo vikubwa viguse 0 au vipite kidogo tu. Kisha rudisha wimbo mwanzo. Kazi hii haichukui hata nusu dakika, na kwangu ndiyo inayomtofautisha DJ makini na mbonyezaji.

Taa nyekundu ikiwaka mara mojamoja kuna ubaya?

Upo. Miksa imefika ukomo na vilele vya mawimbi ya sauti vinakatwa. Muziki unakwaruza, na twita za spika, zile zinazotoa sauti nyembamba, zinaweza kuungua. Kupunguza amplifaya hakusaidii: sauti iliyokwisha kukatwa kwenye miksa itatoka imekatwa, hata ikiwa ndogo. Shusha geini.

Watu wanataka sauti zaidi na masta (kitufe cha sauti yote inayotoka kwenye miksa) iko juu kabisa. Niongeze besi?

Hapana, tafadhali. Besi ndiyo inayokula nguvu nyingi kuliko sauti zote. Ongeza kwenye amplifaya kama bado ina nafasi. Kama haina, spika hizo ni ndogo kwa ukumbi huo. Hata unapochanganya nyimbo mbili, punguza besi ya mmoja, la sivyo mita, yaani zile taa za sauti, itaruka hadi nyekundu.

Baada ya kazi masikio yanalia hadi asubuhi. Ni kawaida?

Kuzoeleka kumezoeleka, lakini ni dalili ya madhara. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inashauri desibeli 85 zisizidi saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15. Vaa vizibo vya masikio, na ushushe sauti ya ile spika inayokutazama usoni kabla hujapandisha hedifoni.