Maswali yenu: muvi zinazorudi nyuma na balaa zake

Juzi niligusia prikweli, yaani muvi inayotoka baadaye ila stori yake ni ya kabla ya ile tuliyoizoea, meseji zikamiminika. Nimeokota nne.

Kaka, kuna raha gani kuangalia wakati mwisho unaujua?

Sisi wa vibanda umiza tulijua stelingi hafi na kiingilio tulilipa, kwa hiyo kujua mwisho sio ishu. Ishu ni pale jamaa ananing'inia ghorofani na wewe unajua fika miaka 20 mbele yuko hai anadunda, sasa presha itoke wapi? Rogue One ya 2016 ilikwepa hapo, ikachukua majasusi walioiba ramani ya Death Star, ile silaha ya kulipua sayari, watu ambao Star Wars ya 1977 inawataja kwenye yale maandishi ya mwanzo tu basi, hatuwajui, unakaa roho juu, na kweli kikosi kizima kinakwisha.

Mbona zamani yao ni ya kisasa kuliko baadaye yao?

Bajeti na miaka tu mkuu. Kwenye Alien ya 1979 kompyuta ni maandishi ya kijani yanakwaruza, halafu Prometheus ya 2012, stori ya kabla, watu wana ramani za mwanga zinaelea hewani. Wanaotetea wanasema ile ni meli ya mizigo, hii ya tajiri. Nusu nakubali.

Mama yake Leia wa Star Wars alikufa lini hasa?

Hahaa, hapa pana kesi. Return of the Jedi, 1983, Luke anamuuliza pacha wake Leia kama anamkumbuka mama yake mzazi, Leia anasema kidogo tu, alikufa mimi mdogo sana, alikuwa mzuri, mpole, ila mwenye huzuni. Ije 2005, Revenge of the Sith, Padmé, ndiye mama mwenyewe, anajifungua hao mapacha, anawapa majina, anakata roho palepale. Mtoto hata hajafutwa vizuri ameionaje huzuni? Mashabiki watakwambia ni Force, ile nguvu ya ajabu ya Star Wars, haya. Mi naona George Lucas, mwenye Star Wars yake, alipima, kati ya sentensi moja ya zamani na msiba wenye uzito akachagua msiba, na nadhani hakukosea, ila wa kuambiwa "usihoji" sio mimi.

Kwani lazima kila kitu kielezwe?

Hapana jamani! Solo ya 2018 imetuonyesha mpaka afisa wa jeshi anayempa Han, yule rubani wa Star Wars, hilo jina la Solo, nani aliuliza? Halafu kuna Waklingon, wale wababe wa sayari nyingine kwenye Star Trek, miaka ya 60 mapaji laini kama yetu, kwenye muvi ya 1979 yameota matuta, kisa mekapu imepata hela. Enterprise, tamthilia ambayo ndio prikweli ya Star Trek, mwaka 2005 ikatumia episodi mbili nzima kueleza eti ni virusi. Na wakati jibu lilishapatikana toka 1996 kwenye Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek, Mklingon Worf kaulizwa mbona wenzako hawa hawana matuta, kakunja sura, akasema hayo hatuyaongelei na watu wa nje.